Kundi la WhatsApp, benchi la kliniki, mwenza mmoja au chama: kijana mwenye baridi yabisi aegemee wapi Dar es Salaam

Kijana wa miaka 24 akisema viungo vinamuuma, Dar es Salaam humcheka kwanza, pole hufuata baadaye. "Wewe na magoti, bibi yako naye asemeje?" Niliambiwa hivyo na watu wanaonipenda, wala sikuwalaumu sana, kwa sababu machoni pa wengi huu ni ugonjwa wa wazee, na jina lake nalo limezidi kuwapoteza watu: wapo wanaoamini kwamba baridi yabisi huletwa na kuoga maji ya baridi usiku, kulala sakafuni au kuwasha feni hadi asubuhi, na wapo wasiotaja baridi kabisa, wanaosema umekanyaga kitu ulichotegewa. Hospitalini utaelezwa mengine. Magonjwa ya viungo yanazidi aina 100, na kadhaa kati yake hayasubiri uzee. Aina ya utotoni huanza kabla ya mtu kutimiza miaka 16 na kwa wengi huvuka nao hadi utu uzima. Ule unaokakamaza uti wa mgongo kwa kawaida huanza kabla ya miaka 45. Na baridi yabisi yenyewe, ambayo kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utando wa ndani wa viungo, huweza kuanza katika umri wowote na huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume.

Yako hata hivyo mambo ambayo daktari, kwa wema wake wote na dakika chache alizonazo, hawezi kukufundisha: kusonga ugali wa watu sita wakati vidole vimevimba, kumweleza mchumba kwa nini jana ulicheza muziki na leo huwezi kufunga zipu ya gauni, kumjibu mkuu wa kazi anayekutazama na kukuona mzima. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwa mambo ya aina hii msaada mkubwa hutoka kwa wenye hali kama yako. Kwa kijana wa jiji hili njia za kuwapata watu hao ni nne hasa: kundi la WhatsApp, kikundi kinachozaliwa kwenye benchi la kliniki, mwenza mmoja wa kuzungumza naye, na chama kipana cha watu wenye ulemavu au wenye ugonjwa unaokaribiana na wako. Nimezijaribu zote nne katika miaka minane tangu nielezwe jina la ugonjwa wangu, nikiwa na miaka 23, na ninaendelea na mbili. Mbili nilizoziacha sikuziacha kwa ubaya wake, na huenda ndizo zitakazokufaa wewe.

Vipimo vya kulinganishia

Kipimo cha kwanza, ambacho watu wazima wa afya hukisahau, ni mwili na safari. Ugonjwa huu hukaza viungo asubuhi, mara nyingi kwa zaidi ya saa moja, kwa hiyo kikao cha saa tatu asubuhi Posta kwa mtu anayekaa Chanika ni adhabu, hata kama wajumbe ni malaika. Umbali katika jiji letu haupimwi kwa kilomita. Hupimwa kwa muda utakaosimama, idadi ya magari utakayobadili, urefu wa ngazi ya daladala na haraka ya konda siku hiyo. Ukiambiwa kwamba kikundi fulani ni kizuri, uliza kwanza kinakutana wapi na saa ngapi, ndipo uulize mengine.

Kipimo cha pili ni usahihi wa taarifa, yaani mtu akisema jambo la makosa kuhusu dawa, yupo wa kumsahihisha, na itachukua muda gani? Cha tatu ni siri. Cha nne ni fedha, zikiwemo zile zisizotajwa siku ya kwanza. Cha tano ni kudumu: msaada huo utakuwepo baada ya mwaka, na je, utakuwepo siku ambayo wewe mwenyewe umeshikwa na huwezi kuchangia chochote? Nitazipima njia zote kwa vipimo hivyo, kisha niseme kila moja humfaa nani.

Kundi la WhatsApp

Mwili na safari. Hapa kundi la simu halina mpinzani. Nakumbuka usiku mmoja wa mwezi wa nne, mvua inanyesha, nimekaa ukingoni mwa kitanda saa kumi na moja alfajiri, vidole vimekaza kiasi kwamba kitasa cha mlango kilinishinda na nilikuwa nimebanwa na haja. Kuandika nisingeweza. Nilibonyeza kitufe cha sauti kwa kifundo cha kidole, nikasema sekunde kumi za maneno ambayo hata hayakunyooka, na kabla ya adhana ya alfajiri mtu wa Tabata nisiyemjua sura alinijibu, "Dada, nami niko macho. Ingiza mikono chini ya makwapa, ikipata joto kitasa kitafunguka." Kilifunguka. Hakuna chama wala kliniki ambayo ingenijibu saa ile.

Taarifa. Hapa ndipo penye hatari, na nitapaeleza kwa kirefu. Methotreksati, dawa inayotumiwa na wengi wetu, humezwa mara moja kwa wiki, siku ileile, na pamoja nayo daktari huandika asidi ya foliki ambayo humezwa siku nyingine ili kupunguza madhara. Mwanakundi mmoja alizichanganya mbili hizo alipokuwa akiandika, akasema yeye humeza methotreksati kila siku "na nimepona kabisa." Ndani ya dakika chache binti mgeni, aliyekuwa na wiki ya pili tu kwenye dawa, akauliza kama ndiyo sababu yeye haoni nafuu. Methotreksati ya kila siku ni sumu, imeua watu. Msimamizi wa kundi alikuwa kazini na muuguzi pekee tuliyekuwa naye alikuwa zamu, na yalipita masaa mawili kabla ya sahihisho kuandikwa. Binti yule kwa bahati alikuwa hajanunua chochote. Ongeza juu ya hayo wauzaji wa mafuta ya kuchua, wa virutubisho na wa dawa za mitishamba za siku 21, ambao huingia kimya kama wagonjwa na baada ya mwezi huanza kutoa ushuhuda. Kundi lenye msimamizi anayewafuta wauzaji siku hiyohiyo, na lenye walau mtaalamu mmoja wa afya anayejulikana kwa jina na mahali anapofanyia kazi, ni kundi jema. Lisilo na hivyo lichukue kama kijiwe cha kufarijiana tu, na habari za dawa uziulize kwingine.

Siri. Namba yako inaonekana na watu wote, na picha ya skrini haina adabu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ni kweli, lakini sheria haiurudishi ujumbe ambao shangazi yako wa Magomeni ameshausoma kwenye simu ya jirani. Wapo wanaotumia laini ya pili isiyo na picha yao, na ni busara kwa anayetafuta kazi.

Fedha. Bando tu, mwanzoni. Baadaye huja michango ya misiba, ya harusi na ya matibabu, yote ya haki, yote kwa pesa za simu, na kwa mtu asiye na kipato cha uhakika huweza kuzidi nauli ya kwenda kliniki. Uliza mapema kama mchango ni hiari, na utazame kama anayenyamaza hasemwi.

Kudumu. Kundi la simu hufa kwa ukimya au kwa kelele, na kelele ndizo huua mengi: picha za maua za "habari za asubuhi", video za wahubiri, siasa za mpira kila Simba na Yanga wanapokutana. Langu lilikufa hivyo, nikaondoka.

Humfaa nani. Aliyeelezwa ugonjwa hivi karibuni na bado anatafuta maneno yake, anayekaa mbali na katikati ya jiji, anayekosa usingizi. Halimfai sana mwepesi wa hofu, kwa kuwa siku moja utafungua simu ukute picha ya mikono iliyopinda ya mtu aliyeugua miaka 20 bila dawa, ukaamini kwamba ndiyo mikono yako ya kesho, wakati wewe umeanza matibabu mapema na yeye hakuyapata.

Kikundi cha benchi la kliniki

Kwa kawaida hakina jina wala katiba. Ni watu ambao siku zao za kliniki zimegongana mara tatu nne, wakaanza kushikiana nafasi, wakabadilishana namba, na siku moja mtu akasema, "Baada ya hapa tukae pale chini ya mwembe." Madaktari bingwa wa magonjwa haya jijini wako zaidi kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, na hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, ndizo mara nyingi huanza kumpokea mgonjwa kabla ya kumpa rufaa, kwa hiyo benchi hukusanya watu wa kila pembe ya jiji.

Mwili na safari. Faida yake ni kwamba safari hii ungeifanya hata hivyo. Anayetoka njia ya Kimara ana nafuu ya mabasi ya mwendokasi, ambayo milango yake hulingana na jukwaa la kituo na kumwondolea mtu ngazi, ingawa nafasi ya kukaa ni suala la majaaliwa. Ubaya ni kwamba kliniki huanza mapema, saa zilezile ambazo viungo havijaamka, na ukimaliza una njaa na umechoka, huna hamu ya kikao.

Taarifa. Hapa benchi hushinda njia nyingine zote, kwa sababu swali likizua ubishi muuguzi yuko hatua kumi. Tena kuna elimu ya kuona kwa macho, ambayo simu haiwezi kuileta. Mama mmoja wa makamo, anayekaa Buguruni, aliniona nikijiinua kwa kusukuma benchi kwa vidole. "Mwanangu, vidole hivyo unaviadhibu bure," akaniambia, "sukuma kwa kiganja kizima, au kwa kigasha." Kisha akatoa kikapuni mwiko wake, aliokuwa anampelekea bintiye, nikaushika: kipini alikuwa amekizungushia kitambaa cha khanga kuukuu tabaka tatu, na juu yake akakaza ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, mpaka kikawa kinene kama muhindi. Kipini kinene hakihitaji vidole kukaza sana, na hilo ndilo fundisho lote. Nilitengeneza wangu jioni ileile, na hadi leo ndio ninaosongea. Mkoba pia alinihamisha: kutoka vidoleni kwenda begani.

Upungufu wa benchi ni rika. Wengi wanaokaa pale wana umri wa mama zetu, wanazungumzia wajukuu, na ukiuliza swali la kijana hewa hubadilika. Niliuliza siku moja, kwa sauti ya chini, kuhusu kushika mimba nikiwa kwenye methotreksati, na benchi zima likatazama sakafu, mmoja akasema, "Kwanza uolewe." Jibu nililipata kwa muuguzi: dawa hiyo humdhuru mtoto tumboni, huachwa kwa mpango wa daktari kabla ya kujaribu kushika mimba, na wakati wa kuitumia uzazi wa mpango ni lazima. Ni habari ambayo msichana wa miaka 22 angepaswa kuisikia siku anayopewa dawa, lakini ndivyo mambo yalivyo.

Siri. Mlango wa kliniki una kibao, na anayepita anakusoma. Nilikutana pale na jirani aliyemsindikiza mjomba wake, na kufikia jioni mtaa ulikuwa na habari. Kwa upande mwingine, wanaokaa benchini wote ni wagonjwa au wauguzaji, na wana sababu ya kutunza ulimi.

Fedha. Nauli umeshalipa. Inabaki chai na kitumbua.

Kudumu. Hutegemea mtu mmoja mwenye moyo, mara nyingi muuguzi, na akihamishwa kikundi hutawanyika. Katika hospitali moja tuliomba chumba cha kukutana tarehe 12 Oktoba, Siku ya Baridi Yabisi Duniani, tukazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi kwa miezi mitatu, tarehe ikapita tukiwa tumekaa chini ya mwembe uleule. Lakini kuna sababu nyingine ya kutodumu, nayo ni njema: ukitulia, miadi husogezwa kutoka kila mwezi hadi kila miezi mitatu, ukajikuta huwaoni tena.

Humfaa nani. Anayejifunza zaidi kwa kuona na kushika, aliyeanza dawa mpya, na asiye na simu nzuri. Kijana mwenye maswali ya ndoa, mapenzi na kazi atahitaji pa kuongezea.

Mwenza mmoja

Mwenza ni mtu mmoja mwenye ugonjwa kama wako, wa umri unaokaribiana na wako, aliyekutangulia miaka michache, na mmekubaliana kwamba mtasikilizana. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamefanya hivi kwa miaka mingi nchini, wakiwa na waelimishaji rika kliniki, na sisi wa viungo tungefaa kuiga bila kuona haya. Njia salama ya kumpata ni kumwomba muuguzi aulize pande zote mbili kabla ya kutoa namba ya yeyote.

Mwili na safari. Simu yatosha. Wangu anakaa Kigamboni, mimi Sinza, na tumeonana uso kwa uso mara tano tu. Tulipatana tangu mwanzo: Jumapili baada ya magharibi, dakika 20, na aliyeshikwa siku hiyo ndiye anayepigiwa, asihangaike kupiga. Ni yeye aliyenifundisha kupanda daladala kituo linakoanzia hata kama ni kurudi nyuma, nikae karibu na mlango, na nizungumze na konda kabla hatujaondoka. Nilijaribu. "Kaka, samahani, naomba gari lisimame kabisa ndipo nishuke, miguu yangu mibovu." Konda akageuka akapaza sauti, "Suka, Sinza Kijiweni simama mazima, kuna mgonjwa!" Gari lote likanitazama. Nilipomsimulia mwenza wangu kwamba neno lile limeniuma kuliko goti, alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza, "Kwani uongo?" Sijui ni nani mwingine ambaye angeweza kuniuliza hivyo nikacheka naye.

Taarifa. Mwili mmoja ni shahidi mmoja. Mwenye jongo, ambao ni ugonjwa mwingine wa viungo, ataumwa kidole gumba cha mguu, atashauriwa mambo ya nyama na pombe, na mengi ya maneno yake hayatakuhusu wewe ambaye kinga yako ndiyo iliyopinduka. Hakikisha kwanza jina la ugonjwa wake na la wako ni moja. Mwenza mwema hujua mpaka wake: prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa viungo, ilipoanza kuuvimbisha uso wangu na nikataka kuitupa, wangu hakuniambia niache wala niendelee, aliniambia kwamba dawa ile ikitumiwa kwa muda haikatwi ghafla, niende kwa daktari anipunguzie kidogokidogo. Kisha akanitumia picha yake ya harusi, uso mviringo kama wangu.

Siri. Ni kubwa kuliko kwingine kote, mpaka mtakapokosana.

Fedha. Gharama ni muda wa maongezi, lakini mapenzi huzaa mikopo. Sisi tuliapishana mambo mawili: hatukopeshani na hatugawani dawa. La pili ni zito kuliko la kwanza, kwa kuwa dozi hupangwa kwa mtu na vipimo vyake vya damu, na kidonge cha rafiki hakina cheti cha jina lako.

Kudumu. Nguzo ni moja. Akiolewa Mwanza, akizidiwa, au akichoka kusikia habari za maumivu wakati yeye ana nafuu, utabaki peke yako, na hupaswi kumlaumu.

Humfaa nani. Mwenye haya, mwenye maswali ya chumbani, aliyechoshwa na makundi. Hamfai anayetaka majibu ya kitabibu, wala aliye kwenye huzuni nzito, kwa sababu mzigo huo utamwangusha na mwenziwe.

Chama kipana

Nchini kuna Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania, SHIVYAWATA, na miongoni mwa wanachama wake ni CHAWATA, Chama cha Walemavu Tanzania, kinachowakusanya wenye ulemavu wa viungo. Wengine huenda kwenye vikundi vya seli mundu au vya lupasi, ugonjwa mwingine ambao kinga huushambulia mwili wake yenyewe, kwa kuwa maumivu ya viungo wanayashiriki.

Mwili na safari. Mikutano ni michache na mara nyingi mbali, ila waandaaji hukumbuka ngazi, viti na choo, na hilo pekee hupumzisha.

Taarifa. Kuhusu ugonjwa wenyewe utapata kidogo. Mwenye seli mundu hupambana na chembe za damu zinazopinda na kuziba mishipa, na matibabu yake si yako, hata kama nyote mnashika goti lilelile. Kuhusu haki, lakini, hapa ndipo shuleni. Mwajiri wangu wa zamani alipoanza kunung'unikia ruhusa zangu, kaka mmoja wa chama, anayetembea kwa magongo, alinikalisha akanieleza jambo ambalo miaka mitano ya kazi haikunifundisha: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, kwa cheti cha daktari, na sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu. Ni hapo pia niliposikia kwa mara ya kwanza kuhusu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kuhusu asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Siri. Ukiingia umejitangaza. Kwa baadhi yetu hilo ni uhuru, kwa wengine ni mapema mno. Kuna pia kidonda cha upande wa pili: siku ya kwanza mjumbe mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Wewe umefuata nini hapa, mbona unatembea?" Ugonjwa usioonekana hulazimika kujieleza hata kwa walioumia.

Fedha. Ada ya uanachama, na nauli.

Kudumu. Huzidi njia nyingine zote: kuna katiba, usajili, viongozi na mhutasari wa vikao.

Humfaa nani. Ambaye ugonjwa umeshagusa kazi, masomo au biashara yake, na yuko tayari kusimama na wengine akitumia neno ulemavu.

Kuna pia makundi ya Uingereza na Marekani yanayopatikana mtandaoni kwa Kiingereza. Mwenye aina adimu ya ugonjwa atafaidika nayo. Mengine mengi yaliyomo ni mjadala wa dawa na bima za kule, na hayakuelezi usimameje kwenye foleni ya Mbagala.

Kwa hali yako

Kama umeelezwa jina la ugonjwa ndani ya miezi michache iliyopita, anza na benchi, kwa kuwa ndipo makosa husahihishwa upesi, na kundi la simu liwe la usiku tu. Kama wewe ni mwanafunzi na hutaki darasa lijue, acha makundi kwa sasa, mwombe muuguzi akutafutie mwenza. Na kama unafikiria ndoa au mtoto, tafuta mwenza aliyekwisha kupita huko, ila tarehe ya kuacha dawa mpange na daktari.

Kama unakaa Chanika, Mbagala au Kibamba, na kila safari inakugharimu siku mbili za maumivu, kundi la simu lenye msimamizi makini litakufaa kuliko kikao chochote kizuri cha mjini, na siku ya kliniki utumie dakika 30 za benchi kama nyongeza. Kama kazi yako imeanza kuyumba, nenda chamani kabla hujaandika barua ya kuacha. Mimi nimebaki na mwenza na benchi, kwa kuwa nakaa karibu na barabara na sipendi kelele; anayekaa Pugu na kupenda watu angechagua kinyume changu na angekuwa sahihi.

Kama huzuni imefika mahali ambapo huoni sababu ya kuamka, usianze na njia yoyote kati ya hizi nne. Mwambie mtu wa nyumbani leo, muende pamoja hospitali mkaonane na mtaalamu wa afya ya akili; sisi wa benchini tutakushikia nafasi.

Na kama umejaribu ukashindwa kupata yeyote, siku ya miadi ijayo usisubiri mpaka uitwe. Nenda dirishani kwa muuguzi, useme hivi: "Dada, naomba msaada wako, kuna kijana mwingine wa umri wangu anayekuja kliniki hii? Namba yangu hii hapa, mwulize kama angependa kunipigia." Andika namba hiyo kwenye karatasi jioni ya kuamkia kliniki, vidole vikiwa vimelegea.